Mshono Usiokuwepo

Sehemu ya Tano

Mlionisoma juma lililopita mnajua niliwaacha wapi: nje ya mlango wa stoo ya vitambaa, nikingoja zamu yangu ya kuhojiwa, na wifi yangu yumo ndani na yule mtafiti, wanacheka.

Kwa aliyechelewa, nitamvuta kidogo. Karakana yetu ya ushonaji ilikuwa inafungua darasa la mafundi wapya, na mwalimu alitakiwa mmoja. Waliotajwa walikuwa wawili: mimi, na mdogo wake mume wangu, binti niliyemshika mkono mwenyewe nikamfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Mimi nilimleta kazini. Mimi nilimwombea kwa bosi. Sasa tulikuwa tunagombea kiti kimoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Mtafiti alikuwa kijana mwembamba wa miwani, anayezunguka mashuleni na makazini kuchunguza uaminifu wa watu. Bosi wetu tunamwita Mama Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda benki. Alimpokea kwa mbwembwe.

"Chunguza, mwanangu. Hapa kwangu hakuna la kuficha."

Basi. Mlango ukafunguliwa, wifi akatoka uso unang'aa. Nyuma yake nikamsikia mtafiti.

"Dada, wewe ni wa pekee. Tangu nianze kazi hii, watu wa aina yako nawahesabu kwa vidole."

Roho iliniuma palepale. Wa pekee! Aliyemfundisha huyo wa pekee alikuwa amesimama nje kama fagio, na hakuna aliyemwona.

"Zamu yako, wifi," aliniambia, akanibana kiganja. "Usiogope, ni maswali mepesi tu."

Mepesi kwake. Niliingia nimekunja uso.

"Karibu, fundi," mtafiti alisema. "Usiwe na wasiwasi, huu si mtihani."

"Wasiwasi wa nini? Mimi nimeanza kushona wengine hawajajua hata kujivalisha." Nilipaza sauti ili ipenye mlangoni.

Akatabasamu. "Nitakutajia majina ya mishono. Unaoujua sema naujua. Usioujua sema siujui. Hakuna adhabu."

"Taja."

"Mshono wa mnyororo."

"Naujua."

"Pindo la siri."

"Huo nashona nimefumba macho."

"Kambeta."

Kambeta? Nilipekua kichwa changu chote, kuanzia cherehani ya kwanza niliyoikalia hadi ile ya asubuhi hiyo. Hakuna kambeta. Lakini wifi ametoka humu ndani anasifiwa. Kwa hiyo wifi anaujua. Kaufunzwa na nani? Kaufunzwa lini, na kwa nini kanificha mimi niliyempa kila nilichokuwa nacho?

"Naujua," nikasema.

"Vizuri sana, au kidogo?"

"Kaka yangu, kambeta nimeushona tangu sijaolewa."

Akaandika kitu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaokota kipande cha kitambaa sakafuni, akanisogezea na sindano.

"Ungeweza kunionyesha?"

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Najua mtakalosema. Kukaa na gazeti mkononi ni rahisi. Mimi nilikuwa na kiti cha darasa machoni na wifi rohoni, nikaichukua ile sindano. Nilitunga nyuzi mbili, wa kijani na mweusi. Nikapiga mnyororo, nikaukatisha kwa pindo, nikarudi nyuma, nikaubana uzi mmoja chini ya mwingine. Nilikuwa nashona huku natunga, natunga huku nashona. Likatoka umbo kama mifupa ya samaki, limelala limenyooka.

"Huo ndio kambeta," nikasema na uso mkavu.

Alikitazama kile kitambaa muda mrefu. "Ahsante, fundi," akasema kwa upole. "Umenifunza kitu."

Nilitoka nimevimba kichwa.

Mchana wifi akanifuata nyuma ya karakana, akakata mkate wake nusu, akanipa. Ndiyo tabia yake, hali peke yake. Tabia hiyo nayo ilikuwa inaniudhi, maana watu walimsifu kwa hiyo pia.

Nikamchokonoa. "Enhe, na ule wa kambeta ulimwonyeshaje?"

"Kumwonyesha? Nilimwambia siujui."

Mkate uliniganda mdomoni. "Ulisemaje?"

"Nilimwambia huo siujui, kaka, na sijawahi hata kuusikia. Akacheka, tukacheka wote." Akanisogelea. "Kumbe wewe unaujua? Nifundishe basi, wifi. Kuuliza si ujinga."

Ndugu zangu, furaha iliyonipanda pale siwezi kuieleza. Kwa hiyo hajui! Anasifiwa bure tu, kwa meno yake meupe! Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu asifiwe kwa kutojua. Mwenye kijiba cha roho hana nafasi ya maswali. Nilimeza ule mkate, nikafuta mikono, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Futi.

"Mama, sipendi kusema watu," nikaanza, kama waanzavyo wote wanaopenda. "Ila wewe ni mzazi, lazima ujue. Huyu binti unayetaka kumpa darasa hajui hata kambeta."

Mama Futi aliacha kukata. Mkasi ukabaki umefunguka.

Nikangoja aniulize kambeta ndiyo nini. Hapo ningejikanyaga, na hadithi hii ingeishia hapo, nanyi mngesoma kurasa za michezo.

"Hajui kambeta?" akasema. "Fundi mzima? Hata marehemu mama yangu alikuwa anaushona, tena gizani!"

Nikamtazama. Akanitazama. Hakuna aliyepepesa.

"Ndiyo maana nasema, mama."

"Mpiga pasi!" akaita. "Wewe unaujua kambeta?"

Mpiga pasi wetu ni mtu mzima, hajashika sindano tangu azaliwe. Alijinyoosha mgongo. "Kambeta? Ule una taabu zake. Ukiupiga pasi ya moto sana unavimba."

Jioni ile karakana nzima ilikuwa inaujua. Kila niliyepishana naye alikuwa na shangazi au mwalimu wake aliyekuwa bingwa wa kambeta. Aliyebaki hajui ni mmoja tu, na alikuwa anakiri waziwazi, bila haya, huku anakata nyuzi na kuimba.

Asubuhi Mama Futi akatukusanya. Tulikuwa na oda kubwa ya majoho ya mahafali, ya chuo kimoja cha ualimu.

"Mapindo yote ya majoho haya," alitangaza, "tutashona kambeta. Nimeshamwambia mkuu wa chuo. Kafurahi sana, anasema anaukumbuka. Fundi hapa atawaongoza wale waliousahau."

Waliousahau walikuwa wote. Nikawafundisha mshono niliouzusha. Nilijiona nimefika. Nilitembea kati ya cherehani mikono nyuma, narekebisha huyu, nakaripia yule. "Siyo hivyo, unaharibu! Kambeta hautaki haraka." Kiti cha darasa nilikiona hiki hapa, bado kukalia tu.

Ila kulikuwa na mtu mmoja.

Wifi aliuchukua ule mshono kama aliyezaliwa nao. Vidole vyake vilipita palepale pangu, lakini vikapita vyema zaidi. Mifupa yangu ya samaki ilikuwa imenyooka, yake ilikuwa hai. Watu wakaanza kuliacha joho langu, wakaenda kutazama lake. Fikirini hilo. Mshono haupo duniani, nimeutoa kichwani mwangu kwa uongo wangu mwenyewe, na bado binti yule amenipita!

Nilibeba vipande viwili nyumbani, changu na chake, nikavilaza mbele ya mume wangu bila kumwambia kipi cha nani. Nilitaka shahidi.

"Kipi kizuri?" nikamwuliza.

Akavigusa. "Huu wa kulia. Huu mwingine nao si mbaya, ila huu wa kulia una mkono."

"Ahsante," nikasema, nikaondoa sahani yake kabla hajamaliza kula.

"Sasa nimekosa nini?"

"Muulize dada yako."

Kesho yake wifi akaniinamia, sauti ya chini. "Wifi, samahani. Jana ulisema uzi mweusi unapita juu. Leo umeupitisha chini."

"Kambeta una njia mbili."

"Na ule wa siku ya kwanza ulianza kwa kurudi nyuma."

"Basi tatu. Umekuja kujifunza au kunipeleleza?"

Alinitazama usoni. Pale pale nikajua kwamba ameshajua. Wifi si mjinga, ni mpole tu, na watu wengi hawatofautishi. Nilingoja acheke, au akimbie kwa Mama Futi kama nilivyokimbia mimi.

"Sawa, wifi," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Tangu siku hiyo sikupata amani. Kila akienda kunywa maji nilidhani anaenda kunisema. Kila akicheka na mtu nilihisi kicheko ni changu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nausikia mwisho wake unakuja.

Ukaja na miwani.

Mtafiti alirudi kutupa majibu. Mama Futi akafanya sherehe kabisa. Alituketisha wote kwenye chumba cha kukatia, majoho yametundikwa ukutani mapindo yakitazama watu, na akamwalika mkuu wa chuo aliyeagiza. Mkuu akashika pindo la joho la kwanza, akalipapasa kwa vidole.

"Ah, kambeta," akasema. "Siku hizi adimu sana."

Mtafiti alikuwa anakunywa maji. Yakampalia.

Akasimama akifuta mdomo. "Sitataja jina la mtu," alisema. "Nilichokuwa natafuta ni kitu kimoja: mtu akiulizwa asichokijua, husema nini? Shuleni niliwauliza walimu kuhusu kitabu ambacho hakijaandikwa. Wengi walikuwa wamekisoma. Mmoja alikuwa amekiazimisha, hajarudishiwa."

Watu wakaangua kicheko. Mkuu wa chuo alicheka kuliko wote.

"Nikawauliza na wanafunzi. Watoto wa darasa la chini kabisa walisema hawakijui. Kadiri nilivyopanda madarasa, ndivyo walivyozidi kukijua. Sikuona tamaa pale, wala wizi. Niliona hofu. Mtu hadanganyi ili apate, anadanganya kwa sababu anadhani jirani yake anajua, na hataki kupitwa."

Nilihisi ananisema mimi. Nilitazama viatu vyangu.

"Hapa nanyi niliwatajia mishono. Mmojawapo niliubuni mwenyewe, kitandani kwangu, jina na vyote. Kambeta haupo. Haujawahi kuwepo. Na katika karakana hii ni mtu mmoja tu aliyeniambia siujui."

Kicheko kilikatika kama uzi.

Mkuu wa chuo aliachia pindo la joho taratibu. Mpiga pasi akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa. Mama Futi alikuwa amesimama katikati yetu, futi shingoni, na marehemu mama yake anashona gizani mbele ya mteja wake mkubwa.

Hamumjui Mama Futi. Yule mama hazami bila kuvuta mtu.

"Bwana mtafiti," akasema, "wewe ni msomi, nakuheshimu. Lakini huwezi kubuni kitu kilichopo. Huu unaouona ukutani ni nini?"

"Mama, huo ni..."

"Ngoja kwanza. Fundi!" Akanigeukia. "Mwambie. Kambeta upo au haupo?"

Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mkavu, umenigandia juu. Mtafiti alikuwa ananitazama, naye ndiye aliyeniona nikiuzusha kwenye kitambaa chake. Nikisema upo, atanikana mbele ya wote. Nikisema haupo, kwaheri darasa, na huenda kwaheri kazi.

"Ume... ni kwamba..." nikasema.

"Umekuwa bubu leo?" Mama Futi akageuka. "Basi wewe binti. Bwana mwenyewe kasema kuna mkweli mmoja hapa, na sote tunajua ni wewe. Hujawahi kunidanganya tangu uje. Sema. Upo au haupo?"

Chumba kizima kikamgeukia wifi yangu.

Akasimama. Akanitazama, na mimi nikamtazama. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Neno la kweli, neno fupi, na mimi ningekuwa nimekwisha, yeye amekalia kiti. Nilisubiri kisu. Ningekuwa mimi, ningekwishakichoma zamani.

"Siku ile sikuujua, ni kweli," alisema polepole. "Sasa naujua. Upo, mama. Ni wa zamani. Wifi yangu alifundishwa na fundi wake kabla hajaolewa, naye akanifundisha mimi. Labda kaka mtafiti alilisikia jina mahali, akasahau."

Alisema bila kutetemeka. Yule mtoto asiyejua kusema uongo alisema uongo mmoja, mzima, umeshonwa vizuri kuliko wote niliowahi kuusema mimi. Na wote wakaamini. Hata mtafiti alivua miwani, akaifuta, akaonekana kweli anajaribu kukumbuka alilisikia wapi.

Nyusi za wifi zilipanda kidogo, akanipa tabasamu la upande mmoja wa mdomo, kama kusema: tumepona, wifi.

"Nilisema nini mimi!" Mama Futi alipiga makofi. Mkuu wa chuo akalishika tena lile pindo, kwa heshima mpya.

Hewa ilinirudi kifuani. Nusura nilie. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumshika wifi yangu.

"Na nimeamua," Mama Futi akaendelea. "Nimehangaika kumchagua mwalimu wa darasa langu, kumbe yuko hapa. Huyu alipokuwa hajui alisema hajui. Akajifunza, na ameshona kuliko aliyemfundisha. Na akisema neno, hata msomi anamwamini. Darasa ni lake."

Makofi. Mpiga pasi akapiga mluzi.

"Mama, hapana," wifi alisema haraka. "Mpe wifi, yeye ndiye..."

"Nyamaza, mwanangu. Sifa usiikatae."

Wifi akanigeukia, macho yamejaa machozi, anatikisa kichwa, ananiomba msamaha kwa midomo bila sauti. Alikuwa amenitupia kamba ili nisizame, na kamba ile ile ikamvuta yeye hadi kwenye kiti changu.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme nilimkumbatia. Nilitakiwa. Mtu amejichafua kwa ajili yako, amechafua kitu pekee alichonacho, unamkumbatia. Lakini nilimwona Mama Futi anaivua futi shingoni mwake, ile isiyovuliwa hata benki, anamvika wifi yangu. Na kilichonipanda kifuani hakikuwa shukrani.

Nilikuwa napiga makofi na wenzangu. Na nikiwa napiga makofi, nikafikiri.

Kumvua futi ile kulikuwa rahisi kuliko kutunga uzi. Haikuhitaji uongo, wala fitina, wala kwenda kwa mtu kusema sipendi kusema watu. Nilitakiwa kukiri tu: kambeta haupo, niliuzusha mimi stoo, mtafiti alinishuhudia, na mkweli wenu huyu amewadanganya sasa hivi mkimtazama. Mimi ningeanguka. Naye angeanguka nami, tena kutoka juu zaidi.

Maisha yangu yote sijawahi kutamani kusema ukweli kama dakika ile.

Nikaacha kupiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Mama Futi," nikasema, na ulimi wangu ulikuwa umelainika kabisa. "Na mimi nina neno."